Ada ya Langoni

Kosa langu la kwanza nikiwa mfanyakazi wa kaunti lilikuwa kuamini kwamba mtu ambaye hajalipa ada asubuhi ni mtu anayekwepa kulipa. Nililiandika kosa hilo vizuri sana. Nililiwekea jedwali lenye safu zilizonyooka, jumla zinazolingana chini na pembeni, na rangi ya kijivu hafifu kutenganisha sehemu za soko. Meza ya mama yangu ilikuwa kwenye jedwali hilo, upande wa mboga, soko la Ruiru. Niliipita kama nilivyozipita meza nyingine.

Sikusomea hesabu. Nilipomaliza kidato cha nne hapakuwa na karo ya kuendelea, nikaenda kufanya kazi kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, mtaa wa Kahawa Sukari, nikiwapigia chapa wanafunzi wa chuo kikuu kazi zao. Wateja wakipungua nilitazama kwenye simu video za bure za kufundisha majedwali ya kompyuta. Nilijifunza hivyo, peke yangu, na aliyejifunza peke yake hana wa kumwambia kwamba sasa imetosha. Nikimaliza kitu nakikagua, nikikikagua nakishuku, nikikishuku nakifuta naanza upya. Hata ujumbe wa simu wa kusema nimefika nausoma kwa sauti kabla ya kuutuma. Wakubwa wangu waliita hiyo bidii na wakaipenda. Mimi najua ni woga tu.

Kaunti iliponichukua kwa mkataba wa kukusanya ada za soko, nilipewa koti linalong'aa, kimashine cha kutoa risiti, na mwenzangu mmoja wa siku nyingi wa kunionyesha kazi. Alikuwa na mtindo wake. Alipita meza kwa meza akiuliza, "Umefungua?" Aliyekwisha kuuza kitu alilipa. Aliyesema bado, alirukwa, na mwenzangu akamrudia alasiri au jioni. Sokoni kwetu kutoa pesa kabla mteja wa kwanza hajakupa zake ni kuiharibu siku yako kwa mkono wako mwenyewe. Wauza nguo wanaamini hivyo, wauza viazi pia, na wakusanyaji wote wa zamani waliiheshimu imani hiyo, kwa sababu iliwapa muda mrefu wa kunywa chai.

"Na wasipolipa jioni?" nilimuuliza.

"Watalipa. Kwani wataenda wapi na meza?"

Niliona uvivu. Sikuona kitu kingine.

Kwa mama haikuwa imani. Alikuwa akiamka mapema kwenda kupokea mboga za kienyeji kutoka kwa magari ya wakulima wa upande wa mashariki wa Thika: managu, kunde, mrenda, sagaa. Pesa zote za jana zilibaki kwenye magari hayo. Siku nzima alikaa mezani akichambua majani na kuyafunga mafungu, na wateja wake walikuja jioni, watu wa viwandani na wa ofisini wakirudi na njaa, wanaotaka mboga iliyochambuliwa tayari. Asubuhi mama alikuwa na mboga. Pesa alikuwa nazo jioni. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto, maana nililelewa na meza ile baada ya baba kupunguzwa kazi kiwandani na kurudi kwao Magharibi bila sisi. Lakini kulijua jambo nyumbani na kulikumbuka ukiwa mbele ya kompyuta ni vitu viwili.

Mwaka wangu wa pili mshahara ulianza kuchelewa. Kwanza tulingoja siku chache, halafu wiki, halafu tukaacha kuulizana kwa sababu swali lenyewe lilikuwa linaumiza. Mama mmoja mfagiaji wa barabara mjini Thika, niliyekuwa nikikaa naye tukingoja kwenye benchi la ofisi ya malipo, mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa karo na akawa anakuja naye kazini, wanafagia wote wawili. Mimi sikulala njaa. Nilikula mboga ambazo mama hakuuza. Miezi ile, ukitaka kusema ukweli, meza moja ya soko ililipa ada kwa kaunti jioni na kumlisha mfanyakazi wa kaunti usiku.

Chama cha wafanyakazi kikaitisha mkutano Thika, kwenye ukumbi wa kanisa si mbali na mto Chania. Katibu wa tawi alikuwa mtu mpole, mnene, asiyepandisha sauti. Alisema tumeandamana, tumepuliza filimbi, tumeimba, na jibu ni lile lile: kaunti haina pesa.

"Sasa mimi nataka mtu wa kunionyesha pesa," alisema. "Si maneno. Anionyeshe, ziko hapa."

Nikainua mkono. Mimi ambaye kanisani siwezi kusoma matangazo bila jasho kunitoka, niliinua mkono mbele ya ukumbi uliojaa.

Nilifanya kazi ile kwa furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Nilionyesha kwamba kila siku meza nyingi hazikuwa zimelipa kufikia saa nne asubuhi, na kwamba wengine hawakupatikana jioni. Nikazijumlisha zile za asubuhi zote kama pesa zinazopotea. Nikapendekeza dawa: ada ilipwe langoni, kabla mtu hajashusha mzigo. Hakuna risiti, hakuna kuingia. Nilibadilisha sentensi hiyo mara nyingi sana hadi ikawa fupi namna hiyo.

Katibu aliisoma, akavua miwani.

"Komredi, wewe umesomea wapi?"

"Kwa simu."

Ukumbi ukacheka, na mtu nyuma yangu akasema, "Kumbe tumekuwa tukipeleka watoto chuo bure." Nilitamani waendelee kucheka.

Tuligoma. Takataka zilirundikana Ruiru hadi watu wakaanza kupita upande mmoja wa barabara, na foleni kwenye zahanati ikageuka kuwa watu waliokaa chini wakingoja milango isiyofunguliwa. Wenye hasira walikuwa wale wale wanaolipa ada, na walitutukana sisi, si wakubwa wetu. Halafu makubaliano yakapatikana. Tutalipwa malimbikizo kwa awamu, na nyongeza tuliyoahidiwa zamani itaanza. Upande wao, kaunti itaanza kukusanya ada langoni. Katibu alitusomea akiwa amesimama kwenye ngazi za ofisi, na alipofika hapo alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanielekezea kidole.

Pesa zilipoingia nililipa kodi ya nyumba iliyokuwa imerundikana, nikanunua unga, sukari, na viatu vya mama. Alivijaribu akiwa amekaa kitandani.

"Asante, baba." Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la baba yake. "Wamezitoa wapi?"

"Kwa makusanyo."

"Makusanyo ya nani?"

"Ya kaunti, mama."

Alivua viatu akavirudisha kwenye boksi. Hakuuliza tena.

Msimamizi wetu alinipanga langoni mwa soko la Ruiru. Nilimwomba anipeleke soko lingine. "Wewe ndiye uliyeiota hii kitu," alisema, "wewe ndiye utaisimamia." Aliona ananipa heshima.

Asubuhi ya kwanza kulikuwa na baridi na ukungu. Wauza nguo walilipa wakinung'unika. Muuza viazi jirani ya meza ya mama, mama Mkikuyu aliyenifahamu tangu nikiwa na kaptula ya shule, alifungua kibeti polepole kama mtu anayefungua kidonda. Kisha mama akafika, mzee wa mkokoteni akiwa nyuma yake na magunia.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Nzuri, baba."

"Ni ada ya leo. Siku hizi ni kabla ya kuingia."

"Sijafungua."

"Najua. Lakini ni watu wote."

"Nitafungua aje na mboga ziko kwa gunia? Nikuuzie wewe hapa?"

Hakuwa akinichokoza. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa. Foleni nyuma yake ilianza kusukumana, na mtu akasema, "Kijana, amua. Sisi tuko na mizigo." Nikatoa simu yangu, nikalipa mwenyewe, nikampa risiti. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la leso, akaingia bila kugeuka.

Kesho yake nilifanya hivyo tena. Muuza viazi alikuwa akiniangalia.

"Haiya. Kumbe kuna mama wa kulipiwa?" alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Na mimi niliyekuwa nakupatia viazi ukitoka shule, mimi ni nani? Lipa ya mama wa pili."

"Wa tatu yuko huku," mwingine akasema kutoka kwenye foleni. "Na mimi nina mzigo mbili, nilipie zote."

Watu wakacheka, na si kwa ubaya wote. Mama hakucheka. Jioni, tukiwa tumekaa na sahani zetu mapajani, alisema, "Kesho usinilipie."

"Ni pesa kidogo, mama."

"Mshahara wako unatoka wapi?"

Nilichovya tonge kwenye mboga.

"Unatoka kwa hiyo mlango. Sasa unatoa kwa mlango, unarudisha kwa mlango. Wewe utakula nini?" Alimega ugali, akauviringa, lakini hakuutia mdomoni. "Na wale wengine hawana mtoto amesimama hapo. Nitaingia nikiwaangalia aje?"

Nilijaribu kumweleza kwamba naweza kumpa pesa usiku, alipe yeye mwenyewe asubuhi, hakuna atakayejua. Alisema yeye atajua. Nilijaribu pia kumwambia aache kutumia pesa zote kwenye gari la mboga, abakishe kidogo ya asubuhi. Alinitazama kwa mshangao, kisha akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja mgeni jinsi ya kupika mrenda, kwamba akibakisha ya lango, mzigo unapungua, mzigo ukipungua faida inapungua, na hiyo iliyobaki ndiyo inayolipa lango la kesho. Hesabu ilikuwa sahihi. Ingetoshea kwenye jedwali langu mistari mitatu.

Basi akakaa nje. Alitandika gunia kando ya mtaro, hatua chache kutoka nilipokuwa nimesimama, pamoja na wanawake wengine wa mboga. Wateja wa jioni hawakuwa na haja ya kuingia ndani tena, wakawa wananunua hapo. Ndani ya soko, upande wa mboga ukaanza kuwa na meza tupu. Nilikuwa na hofu moja kuhusu meza hizo. Kamati ya soko ina utaratibu wa tangu zamani: meza isipokaliwa kwa muda, inapewa mtu mwingine, na wanaongojea meza Ruiru ni wengi. Mama aliipata ile meza kabla sijaanza darasa la kwanza. Nilimwambia aingie hata siku mojamoja, aonekane. Aliniambia ataingia ada ikirudi jioni, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba mtoto wake ndiye aliyeandika, na aliyeandika anaweza kufuta.

Sijui nani alimwambia. Mimi sikuwa nimemwambia.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kuyafuta niliyoandika waliposhuka kanjo, askari wa kaunti. Ilikuwa asubuhi, foleni ikiwa ndefu. Lori la kaunti lilisimama kando ya mtaro na askari wakaanza kubeba magunia. Wanawake walikimbia na walichoweza. Mama hana mbio. Alishika ncha moja ya gunia na askari akashika ncha nyingine, na huyo askari nilimfahamu, alikuwa amekaa kiti cha mbele yangu kule ukumbini Thika, na tulipigiana makofi mabegani makubaliano yaliposomwa kwenye ngazi za ofisi.

Mbele yangu alikuwa mtu aliyekwisha kulipa na risiti yake ilikuwa bado haijatoka. Kimashine kilikuwa kimekwama. Nikiondoka, malipo yangekuwa upande mmoja na risiti upande mwingine, na jumla ya siku isingelingana. Nilikaa nikikipiga kimashine na kiganja. Naandika hili kama lilivyokuwa. Nilisubiri risiti itoke, nikaikata, nikampa aliyelipa, na nilipoinua macho gunia lilikuwa juu ya lori na mama alikuwa ameketi kwenye mtaro akitafuta kiatu kimoja.

Alasiri nilikwenda kwenye yadi ya kaunti. Yule askari alinitoa pembeni.

"Komredi, si ungesema ni mama yako? Ningeruka yeye."

"Na wale wengine?"

"Wale wengine sijui mama ya nani." Alisema bila kejeli. "Mimi pia nilikaa bila mshahara, ndugu yangu. Wakisema tusafishe pale, nasafisha. Nina watoto."

Magunia yalikuwa juani tangu asubuhi. Kunde zilikuwa zimegeuka nyeusi pembeni. Niliyaacha.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa nikaenda Thika kumwona katibu. Nilikuwa nimeandika waraka mpya usiku, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeuacha na makosa. Nilionyesha kwamba waliosema hawajafungua, wengi wao walilipa jioni, na kwamba mimi nilizihesabu pesa zao kama zimepotea. Nilionyesha kwamba makusanyo ya lango yalipanda mwanzoni na sasa yalikuwa yakishuka, kwa kuwa watu wamehamia nje. Nikaomba chama kipendekeze kurudi kwenye mtindo wa zamani.

Katibu alisoma yote. Alinipa kiti, akaniagizia chai.

"Hii ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na ile ya kwanza?"

"Nilikosea."

Alikunja karatasi akanirudishia. "Nikipeleka hii, nitakuwa nawaambia pesa niliyowaonyesha haiko. Watasema basi nyongeza pia haiko. Awamu ya mwisho ya malimbikizo bado hawajatoa. Unaelewa, komredi? Tuko na watu elfu na kitu wanangoja hiyo awamu."

"Na watu wa soko?"

"Watu wa soko wana chama?"

Niliikunja karatasi mara ya pili, na yeye hakufurahia kunishinda. Alijipangusa uso, akasema polepole, "Mama yangu pia aliuza sokoni. Si eti sijui."

Nikiwa natoka nilikutana kwenye korido na yule mama mfagiaji. Alinishika mikono yote miwili. Mtoto wake alikuwa amerudi shule. Alikuwa amesikia ni mimi. Aliniombea papo hapo, macho yamefungwa, akimwomba Mungu azidishe hekima yangu na abariki tumbo lililonizaa. Nilisema amina. Ningesema nini? Pesa zilizomrudisha mtoto yule darasani zilikuwa za kweli, na zilitoka mahali.

Nilizunguka mjini hadi jua likawa kali, nikashindwa kurudi Ruiru. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kukosea ni kuweka nambari mahali pasipo pake, na kwamba ukiipata na kuirudisha, jumla inakaa sawa. Hapa niliipata, nikaionyesha, na haikusogea, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kujenga juu yake. Nikimwondolea mama ile ada, namwondolea mfagiaji ile karo. Nilitafuta njia ya tatu kwa wiki nzima. Sikuipata, na sidhani ni kwa sababu sikusoma.

Kamati ya soko iliigawa meza ya mama mwisho wa mwezi ule. Walimpa kijana anayeuza vifuniko vya simu, ambaye anafungua asubuhi na mapema na kulipa bila neno. Mwenyekiti alimpigia mama simu kwa adabu, akamwomba aje achukue vitu vyake. Nilikwenda naye. Kulikuwa na kigoda, beseni, kipande cha turubai, na ubao aliouinamia kukatia mboga kwa wenye haraka. Muuza viazi aliacha biashara yake akamsaidia kufungua kamba za turubai, na wakati wote huo hakunisemesha.

"Mama, pole," nilisema tukiwa nje.

"Uliandika ukijua?"

"Sikujua."

"Ulikuwa unajua." Alisema hivyo bila ukali, akiwa anaweka beseni kichwani. "Umekula kwa hiyo meza ukiwa mtoto. Ulikuwa unajua mimi huuza jioni."

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa najua.

Tangu siku hiyo kilichobadilika ni hiki. Mkataba wangu ulifanywa kazi ya kudumu. Ada inalipwa langoni katika masoko mengine pia, na imeongezwa. Awamu ya mwisho ya malimbikizo haijalipwa, mshahara umeanza kuchelewa tena, na chama kinazungumza juu ya mgomo. Mama anafua nguo na kusafisha nyumba za watu Kahawa Sukari siku anazoitwa. Hana meza. Tunaishi nyumba moja, tunasalimiana vizuri, na hajaniuliza tena habari za kazi.